Ubia, Njia ya Soko na Kiwanda cha Simu cha Athi River: Funzo kwa Uwanda wa Juu wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kampuni ya ubia ya East Africa Device Assembly Kenya Limited, ijulikanayo kwa kifupi kama EADAK, ilivyoanzishwa na kuinuka katika utengenezaji wa simu janja Afrika Mashariki. Mafanikio ya kampuni hiyo yanapimwa kwa mahitaji ya mnunuzi wa Uwanda wa Juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya ubia huo haikutokana na kina cha ufundi wa kiwandani. Imetokana na wabia waliokwisha kuishika njia ya kumfikia mnunuzi, yaani mtandao, maduka na mkopo. Historia ya ufuaji chuma wa Wafipa inatumika kuonesha kwamba kanuni hiyo si ngeni. Makala yanahitimisha kwamba simu ya bei nafuu haitaenea Ufipa mpaka malipo yake yafuate kalenda ya mavuno.

1.0 Utangulizi

Uwanda wa Juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wake mkuu, Sumbawanga, uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Rukwa watu 1,540,519, na wengi wao huishi kwa kilimo cha mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Uwanda huu hulisha maeneo mengi ya nchi, lakini uko mbali na bandari na viwanda, na umbali huo umekuwa ukiongeza bei ya kila bidhaa inayopanda kutoka pwani.

Simu ya mkononi ilipunguza sehemu ya umbali huo. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mkulima wa kijijini aliweza kupokea na kutuma fedha kwa simu ya vitufe, maarufu kama kiswaswadu. Tangu msimu wa 2022/2023, mpango wa ruzuku ya mbolea nao umetumia namba za simu za wakulima waliosajiliwa. Kwa kazi hizo mbili simu ya vitufe inatosha. Haitoshi kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita anayetakiwa kuomba mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya intaneti, wala kwa mkulima anayetaka kumtumia bwana shamba picha ya jani lenye ugonjwa. Kijana wa namna hiyo hulazimika kusafiri hadi mjini, akakae kwenye foleni ya steshenari na kulipia kazi ambayo mwenye simu janja angeifanya nyumbani.

Kwa hiyo, pale ambapo mnara wa mawasiliano umekwisha kufika, kikwazo kinachobaki ni kifaa chenyewe. Swali la nani anatengeneza simu janja, kwa bei gani na kwa masharti gani ya malipo, linamhusu mkazi wa Ufipa moja kwa moja. Jibu moja lililotolewa katika ukanda huu ni kiwanda cha ubia kilichofunguliwa Kenya mwaka 2023. Makala haya yanalichambua jibu hilo.

2.0 Dhana ya Ubia katika Utengenezaji wa Simu

Ubia ni mapatano ambayo kwayo kampuni mbili au zaidi huunda kampuni nyingine, kila mbia akileta kile ambacho mwenzake hana. Katika historia ya simu za mkononi, mfano unaotajwa sana ni Sony Ericsson, iliyoanzishwa Oktoba 2001 na kampuni ya Sony ya Japani na Ericsson ya Sweden, kila mmoja akiwa na nusu ya hisa. Ericsson ilikuwa na ujuzi mkubwa wa mitambo ya mawasiliano, lakini biashara yake ya simu za mkononi ilikuwa imeyumba, hasa baada ya moto wa Machi 2000 katika kiwanda cha Philips kilichokuwa kikiiuzia vipuri huko Albuquerque, Marekani. Sony, kwa upande wake, ilijua kutengeneza vifaa ambavyo watu wa kawaida huvipenda, lakini nafasi yake katika soko la simu ilikuwa ndogo.

Muungano huo ulizaa matunda pale wabia walipounganisha nguvu zao halisi. Mwaka 2005 simu ya W800 ilibeba jina la Walkman, ambalo Sony ilikuwa imelijenga kwa miaka mingi katika vifaa vya muziki. Mwaka 2007 kampuni iliuza zaidi ya simu milioni 100. Hata hivyo, mwaka huohuo iPhone ilitoka, na mahitaji ya soko yakahamia kwenye simu janja, ambako Sony Ericsson ilichelewa. Oktoba 2011 Sony ilitangaza kununua nusu ya Ericsson kwa euro bilioni 1.05, na mauzo hayo yakakamilika Februari 2012. Ubia ukaisha.

Mfano huu unatoa vigezo viwili vya uchambuzi. Kwanza, ubia huinuka iwapo kila mbia analeta kitu ambacho hakinunuliki kwa urahisi sokoni. Pili, ubia hudumu kadiri kitu hicho kinavyoendelea kuhitajika. Soko likibadilika, sababu ya wabia kukaa pamoja nayo hupungua. Vigezo hivyo ndivyo vinavyotumika hapa kukichunguza kiwanda cha Athi River.

3.0 Kuanzishwa kwa EADAK

EADAK iliundwa na wabia watatu: Safaricom, Jamii Telecommunications na TeleOne ya Shenzhen, China. Kiwanda chake kiko Athi River, Kaunti ya Machakos, na kilizinduliwa na Rais William Ruto mwishoni mwa Oktoba 2023. Simu za kwanza zilikuwa mbili, zote za kizazi cha nne cha mtandao: Neon Smarta kwa shilingi 7,499 za Kenya na Neon Ultra kwa shilingi 8,999. Kwa viwango vya kubadilishia fedha vya wakati huo, bei ya Neon Smarta ilikuwa takribani dola 50 za Marekani, au shilingi 125,000 hivi za Tanzania. Serikali ya Kenya ilikuwa imezungumzia simu ya dola 40. Lengo hilo halikufikiwa, ila lilikaribiwa.

Kwa mtazamo wa kwanza, inashangaza kuona Safaricom na Jamii, ambao ni washindani katika kuuza intaneti, wakikaa meza moja. Jambo hilo linaeleweka ukitazama haja ya kila mmoja. Safaricom ilikuwa na wateja wengi waliobaki kwenye simu za vitufe, ambao hawakuweza kununua huduma za intaneti hata kama mnara ulikuwa karibu nao. Jamii, kwa upande wake, iliingia katika simu za mkononi kwa mtandao wa Faiba 4G mwaka 2017, na mtandao huo haukuwa na vizazi vya pili na vya tatu vya kurudia. Mteja asiye na simu ya kizazi cha nne inayoweza kupiga kwa njia hiyo hakuweza kuutumia ipasavyo. Kwa Jamii, basi, ukosefu wa simu za bei nafuu ulikuwa ukuta unaomzuia mteja asiingie. TeleOne ilileta kile ambacho wabia wa Kenya hawakuwa nacho: ujuzi wa kupanga mstari wa kuunganishia simu na mahusiano na wauzaji wa vipuri wa Shenzhen.

Mbia wa nne, ingawa hakuwa na hisa, ilikuwa sera ya kodi. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2022 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoingizwa kutoka nje. Hatua hiyo iliongeza bei ya simu ya kigeni na kuacha nafasi ambamo simu iliyounganishwa nchini ingeweza kusimama. Kiwanda kilijengwa ndani ya nafasi hiyo, na uhai wake unategemea kwa kiasi fulani kudumu kwa nafasi hiyo.

4.0 Kuunganisha na Kutengeneza

Kazi kuu inayofanyika katika kiwanda cha aina hii ni kuunganisha. Bodi ya saketi, kioo, betri, kamera na kava hufika vikiwa vimekwisha kutengenezwa. Wafanyakazi huviunganisha kwa hatua, huweka programu, huandikisha namba ya IMEI yenye tarakimu 15, hupima sauti, mguso na mtandao, kisha hufungasha. Kazi hiyo inadai umakini na nidhamu, na huwapa vijana ujuzi na ajira. Lakini sehemu kubwa ya thamani ya kifaa hubaki kule ambako vipuri vilitengenezwa. Hata kanuni za biashara za kimataifa huitambua tofauti hii, kwa kuwa kuunganisha vipuri kwa njia rahisi mara nyingi hakutoshi kukipa kifaa uasili wa nchi kilikounganishiwa.

Iwapo kina cha utengenezaji ndicho kingeamua mafanikio, basi kampuni iliyostahili kuinuka ni Mara Phones. Oktoba 2019 kampuni hiyo ilifungua kiwanda Kigali, Rwanda, na ikajinadi kwamba inatengeneza hata bodi za saketi papo hapo. Simu zake mbili, Mara X na Mara Z, ziliuzwa kwa takribani dola 130 na 190. Mwezi huohuo ilifungua kiwanda kingine Durban, Afrika Kusini, ambacho mitambo yake ilipigwa mnada mwaka 2022. Mara ilikuwa na kina kikubwa zaidi cha ufundi kuliko EADAK. Haikuwa na mtandao wa simu, haikuwa na maelfu ya mawakala wa fedha, na ilishindana kwa bei na chapa za Tecno, itel na Infinix za kampuni ya Transsion, ambayo nayo imekuwa ikiunganisha simu Ethiopia tangu mwaka 2011.

Tofauti kati ya Mara na EADAK haiko kwenye meza ya fundi, bali iko baada ya simu kutoka kiwandani. Safaricom ilikuwa imekwisha kulitumia jina la Neon, na mwaka 2020, kwa kushirikiana na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: mteja aliweka amana ya shilingi 1,000 za Kenya, kisha akalipa shilingi 20 kila siku kupitia M-Pesa, na simu ikajifunga endapo malipo yalikatika. Kiwanda cha Athi River kilizaliwa kikiwa na duka, jina na wakala wa mkopo. Kwa kigezo cha kwanza kilichowekwa katika sehemu ya 2.0, hicho ndicho kitu kisichonunulika kwa urahisi.

4.1 Ushahidi wa Malungu

Wasomi wa historia ya Ufipa hawatashangazwa na matokeo hayo. Kabla ya ukoloni, Wafipa walikuwa miongoni mwa wafua chuma mashuhuri wa kusini magharibi mwa Tanzania ya leo. Utafiti wa Roy Willis juu ya jamii ya Wafipa, na ule wa akiolojia wa Bertram Mapunda katika miaka ya 1990, umeonesha upana wa shughuli hiyo. Tanuri la Kifipa, ilungu kwa umoja na malungu kwa wingi, lilikuwa mnara wa udongo wenye urefu wa mita tatu hivi. Liliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo ulioingia wenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto, kisha mhunzi akakifua kuwa jembe au shoka. Majembe hayo yaliuzwa na pia yalitumika katika mahari.

Mnyororo wote, kuanzia jiwe, mkaa na udongo hadi jembe mkononi mwa mkulima, ulikuwa ndani ya uwanda. Kwa kipimo cha kina cha ufundi, malungu yalikuwa utengenezaji kamili, jambo ambalo kiwanda cha kuunganisha simu hakiwezi kudai. Hata hivyo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 malungu yalizima. Ujuzi ulikuwa bado hai, lakini majembe na vyuma vya viwandani viliingia kwa njia mpya za biashara za enzi ya ukoloni, kwa bei ambayo kazi ya miezi kadhaa ya kuchimba, kuchoma mkaa na kuyeyusha haikuweza kushindana nayo. Aliyeishika njia ya kumfikia mnunuzi alimshinda aliyeshika ufundi.

Kulinganisha huku kuna mipaka yake. Malungu yalikuwa na miiko, dawa na hadhi ya kijamii ambayo haina mfano katika kiwanda cha leo. Lakini juu ya jambo moja, yaani uhusiano wa utengenezaji na soko, ushahidi wa Ufipa na ushahidi wa Athi River unaelekea upande mmoja.

5.0 Kipimo cha Ufipa: Bei, Kodi na Kalenda ya Mavuno

Inabaki kuuliza kama njia iliyoiinua EADAK inaweza kufika Sumbawanga. Tanzania ina uzoefu wake juu ya bei ya simu, na uzoefu huo ni wa kujifunza. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini kote. Hatua hiyo ililinda usalama wa watumiaji, lakini iliondoa sokoni vifaa ambavyo kwa wengi ndivyo vilivyokuwa vya bei ya chini kabisa. Mwaka 2021 Sheria ya Fedha ilisamehe simu janja Kodi ya Ongezeko la Thamani ili kuongeza watumiaji wa intaneti. Mwaka uliofuata msamaha huo uliondolewa, kwa maelezo ya serikali kwamba haukuwa umemnufaisha mtumiaji wa mwisho. Kodi ilipungua kwenye karatasi, lakini punguzo hilo halikufika dukani. Hili linathibitisha kwamba bei anayoikuta mnunuzi huamuliwa na mnyororo mzima wa usambazaji, na kodi ni pingili moja tu ya mnyororo huo.

Pingili inayosahaulika zaidi ni muda wa malipo. Mfano wa hesabu unaweza kusaidia. Ikiwa kilo moja ya mahindi inauzwa kwa shilingi 500, simu ya shilingi 125,000 ni sawa na kilo 250, yaani magunia mawili na nusu ya kilo 100. Mwezi wa Julai, baada ya mavuno, kaya nyingi za wakulima zinaweza kuwa na magunia hayo. Mwezi wa Januari, mvua zikiwa katikati na fedha zote zikiwa zimelala shambani katika mbegu na mbolea, magunia hayo hayapo.

Mpango wa shilingi 20 kwa siku, ambazo kwa viwango vya mwaka 2020 zilikuwa shilingi 430 hivi za Tanzania, umebuniwa kwa mtu anayeshika fedha kila siku: dereva wa bodaboda, mama lishe, muuza mitumba. Mtu huyo yupo Sumbawanga mjini, sokoni na kwenye kituo cha mabasi, na mpango wa aina hiyo ungemfaa. Mkulima wa vijijini hapokei fedha kila siku. Hupokea kwa msimu. Akichukua simu kwa malipo ya kila siku, kuna uwezekano mkubwa wa simu hiyo kujifunga kati ya Novemba na Aprili, miezi ambayo taarifa za mvua, wadudu na mbolea zinahitajika kuliko wakati mwingine wowote. Mkopo uliokusudiwa kumwingiza katika mtandao ungemtoa pale anapouhitaji zaidi.

Kasoro hiyo haipo kwenye simu wala kwenye kiwanda, na kwa sababu hiyo inarekebishika. Taasisi zinazofuata kalenda ya mavuno zipo tayari: vyama vya ushirika wa mazao, vikundi vya kuweka na kukopa, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambaye ni mnunuzi mkubwa wa mahindi ya Rukwa. Mkopo wa simu unaolipwa mara moja au mbili baada ya mauzo, chama cha ushirika kikiwa mdhamini, ungelingana na mwendo wa fedha za uwanda. Njia ya kiteknolojia nayo ipo: tangu mwaka 2020 jina na jukwaa la M-Pesa vinamilikiwa na ubia wa Safaricom na Vodacom, na Vodacom hutoa huduma hiyo Tanzania. Kinachokosekana ni mbia anayeujua msimu.

Sharti jingine ni umeme. Simu ya vitufe hukaa na chaji kwa siku kadhaa, ilhali simu janja huhitaji chaji karibu kila siku. Katika kijiji ambacho chaji hulipiwa kibandani, gharama hiyo ndogo ya kila siku ni sehemu ya bei ya simu, na haina budi kuhesabiwa katika mpango wowote wa mkopo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba EADAK iliinuka kwa sababu wabia wake walileta vitu vitatu vinavyokamilishana: mtandao unaohitaji simu, ujuzi wa kuunganisha simu, na njia ya kumuuzia mnunuzi kwa mkopo, huku sera ya kodi ikiwafungulia nafasi. Mara Phones ilikuwa na ufundi wa kina zaidi, lakini haikuwa na njia hiyo. Malungu ya Ufipa yalikuwa na ufundi uliokamilika, na yalizimwa na bidhaa zilizokuja kwa njia bora zaidi ya soko.

Kwa kigezo cha pili, ubia wa Athi River utadumu mradi simu ya bei nafuu itaendelea kuwa kikwazo cha kuingia mtandaoni na mradi ushuru kwa simu za kigeni utaendelea kuilinda. Moja kati ya hayo likibadilika, wabia watakuwa na sababu ya kuachana, kama ilivyotokea kwa Sony na Ericsson.

Kwa Tanzania, na kwa Rukwa hasa, pendekezo linalofuata si kuharakisha kujenga kiwanda cha kuunganisha simu ili nchi nayo iwe na chake. Linalotangulia ni kubuni mkopo unaofuata mavuno, kwa kuwa mkopo huo utaifaa simu yoyote, iwe imeunganishwa Athi River, Ethiopia au Shenzhen. Kiwanda kikija baadaye kitakuta njia ya soko imekwisha kufunguliwa. Kikitangulia bila njia hiyo, kitakutana na kile kilichoyakuta malungu: bidhaa nzuri iliyo tayari, na mnunuzi aliyekwisha kufikiwa na mwingine.